Mtoto Asiyewekwa Chini

Huku kwetu Pujini, Pemba, ukimtaja Bi Mwanapili Kificho, hakosi kutokea mtu akakwambia, "Aa, yule aliyemlemaza mjukuu wake kwa nadhiri." Neno hilo nimelisikia harusini, nimelisikia mferejini, na juzijuzi nimelisikia matangani, maiti hata hajatolewa nje. Nilikuwa na juzuu mkononi, nikaifunga, Mungu anisamehe. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini jambo hili nilikuwamo tangu mwanzo. Nadhiri ile ilipowekwa nilikuwa nimekaa kando yake, na nikaitikia amin. Kwa hivyo wa kulisema ni mimi, na anayetaka kumlaumu Bi Mwanapili asikilize kwanza mpaka mwisho.

Bi Mwanapili ni mwanamke mfupi, wa miaka sitini na kitu, mwenye vidole virefu kuliko umbo lake. Kazi yake ni kusuka ukili wa mikeka. Ukimkuta barazani asubuhi, chane za ukindu ziko chini ya paja, nyeupe na nyekundu, na ukili unamtoka mikononi huku macho yake yako kwako anazungumza. Mumewe alianguka mkarafuu akafa, mtoto wao Rahila ana miaka mitatu. Bi Mwanapili akamlea kwa mikeka na misala, akamsomesha, akamwoza. Herufi za skuli hazijui. Za chuoni, za Kurani, anazijua sawasawa, na maulidi anayo yote kichwani, neno kwa neno, ukikosea anakurejesha.

Rahila alijifungua mwezi wa Rajabu, mtoto wa kike, wakamwita Safaa. Baba yake, Ishak, ni fundi wa kujenga, yuko Unguja kwenye kazi, anakuja na kurudi. Mtoto alikuwa mzuri, lakini akinyonya anatoka jasho kama mtu anayelima bondeni. Ananyonya kidogo, anaachia, anahema. Na akilia, midomo inageuka rangi ya zambarau. Wapo waliosema jicho, wapo waliosema upepo. Bi Mwanapili alisema, "Jicho halimtoi ntoto jasho saa mbili asubuhi," akambeba kumpeleka hospitali. Huko wakasikiliza, wakampiga picha, wakasema moyo una tundu, na mshipa wa kupeleka damu kwenye mapafu ni mwembamba kuliko inavyotakiwa. Afanyiwe operesheni Bara.

Alipovushwa alikuwa na miezi saba. Ruhusa ni ya mtu mmoja tu wa kumfuata, akaenda Rahila.

Siku ya operesheni tulikuwa wanawake wanne barazani kwa Bi Mwanapili. Simu ililia asubuhi. Rahila akasema, "Mama, wamemchukua." Akashindwa kuendelea, simu ikakatika. Bi Mwanapili akaweka ukili chini, akageukia kibla pale pale alipokaa, akanyanyua mikono.

"Ya Rabbi, ukinrejeshea huyu ntoto, miye ntamweka juu ya mikono yangu. Hatokanyaga nti wala hatolazwa sakafuni, mpaka madaktari waseme amemaliza. Na siku hiyo ntamsomea maulidi."

Tukasema amin. Wanawake wanne wazima, wenye wajukuu, hapana hata mmoja aliyeuliza: na madaktari wasiposema?

Walimpasua kwa muda wa saa sita. Rahila alituhadithia baadaye kwamba moyo ulisimamishwa, na damu ya mtoto ikawa inazungushwa na mashine, moyo ukishonwa. Nikasema subhanallah, mja amepewa elimu gani hii! Wale madaktari sina ubaya nao, Mungu awalipe. Walimrudisha mtoto ana midomo myekundu kama midomo ya mtoto. Tulilia bandarini, pale Mkoani, mbele za watu, hatuna haya.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo panaponitia hasira mpaka leo.

Siku ya kutoka hospitali kule Bara, Rahila anafunga mzigo, hajalala sawasawa tangu wiki tatu, nesi akamwambia kwa haraka: mtoto asinyanyuliwe kwa makwapa, asilazwe kifudifudi, mpaka mfupa wa kifua ushikane. Akapewa na karatasi, kurasa mbili, kwa Kiingereza. Mfupa utashikana lini? Rahila hakuuliza, alidhani ataambiwa huku. Alipofika huku, kwenye kliniki, wao wakadhani ameshaambiwa kule. Bara wanaitegemea Pemba, Pemba wanaitegemea Bara, na mtoto yuko katikati, juu ya mapaja yetu.

Na kweli hakutoka mapajani. Asubuhi ni zamu ya Rahila. Jua likipanda ni ya Bi Mwanapili, mtoto goti la kushoto, ukili goti la kulia. Adhuhuri namchukua mimi. Alioshwa mapajani, alilala mapajani, alikula mapajani. Hatukuimba karibu yake, hatukuwasha redio. Akilia tunatetemeka, tunaona mshono utafumuka. Wageni wakija wakitaka kumchezesha, tunawaambia taratibu, mtoto wa moyo huyo.

Kuna siku siisahau. Ana miezi kumi hivi, niko naye barazani, kuku akapita na vifaranga. Safaa akajinyonga kiunoni mwangu anataka kushuka, mikono ameinyoosha, anaguna. Nikamkaza. Nikamwambia, "Tulia mama, moyo." Akajinyonga tena, nikamkaza tena. Akatulia. Tokea siku ile hakujaribu tena kwangu. Nami nikajisifu, nikamwambia Bi Mwanapili, "Mjukuu wako ana adabu." Leo nikilikumbuka neno hilo natamani niutafune ulimi wangu.

Kliniki walikwenda kila miezi mitatu. Sitaitaja ni ipi, na daktari simtaji. Kila mara ni vilevile: wanakaa benchi tangu asubuhi, wanaingia, daktari anaweka chombo kifuani, anasikiliza, anaandika.

"Moyo mzuri. Rudini baada ya miezi mitatu."

"Kwa hivyo amemaliza?" anauliza Bi Mwanapili.

"Hawa hatuwamalizi, bibi. Hawa tunawaangalia maisha."

Hebu fahamu alivyosikia Bi Mwanapili. Kwamba nadhiri haijafika mwisho.

Ile karatasi ya Bara Rahila aliitoa safari ya kwanza. Daktari akatazama ukurasa wa juu, ulikuwa na mchoro wa moyo, akasema vizuri, akaibana ndani ya faili. Ukurasa wa pili haukufunuliwa. Nasema haukufunuliwa kwa sababu baadaye tuliukuta umegandana na wa kwanza kwa tone la uji, uji wa safari ya meli.

Mtoto akatimiza mwaka, hakai. Mwaka na miezi minne, hakai. Ukimwita hageuki upesi. Mikono ameikunja kifuani kama mtu mwenye baridi. Rahila akamwambia daktari, "Daktari, mwanangu hakai, na hasemi hata baba." Daktari hakuinua macho. Akasema, "Mama, mtoto wa moyo huyo. Shukuru anapumua."

Shukuru anapumua! Sisi tunamshukuru Mungu usiku na mchana, hatungoji kuamrishwa na mtu aliyeshika kalamu. Lakini kushukuru si kufumba macho. Mtoto hakuumbwa apumue tu. Hata samli kwenye chupa ina kazi yake, sembuse mwana wa Adamu?

Maneno ya nje nayo yakaanza. Siku moja tumekaa watu sita tunasuka, Bi Mize akamtazama Safaa pale pajani, akacheka kwa pua. Bi Mize ni mtu wa maneno, tangu usichana wake ni hivyo hivyo.

"Yakhe, hawa madaktari wa Bara mafundi kweli," akasema. "Moyo wameuziba, akili imetokea tundu lilelile."

Wawili wakacheka. Mungu anajua, na mimi mdomo ulinicheza kabla sijaushika. Rahila alikuwa mlangoni, akaingia ndani.

Bi Mwanapili hakupandisha sauti. Akaukunja ukili wake taratibu. "Mize, mkeka wa jeneza la mamako tuliusuka miye na weye, mkono kwa mkono. Leo chane zangu usinguse. Nenda kasuke kwako."

"Masihara tu, Bi Mwanapili!"

"Masihara yana watu wake. Huyu hajui kucheka bado."

Bi Mize akaondoka. Na Bi Mwanapili akaniambia, mimi peke yangu, "Saada, miezi mitatu ikifika nakwenda miye. Sirudi mpaka waniambie huyu ntoto ana nini."

Tulikwenda watatu, na Safaa. Alikuwa na miezi kumi na tisa. Foleni ile ile, chombo kile kile kifuani, moyo mzuri, rudini. Bi Mwanapili akauliza, "Na kichwa chake je?" Akaambiwa, "Bibi, mimi nashughulika na moyo," na mlango ukafunguliwa aingie mwengine.

Tukakaa benchi nje, Rahila anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akapita mwanamume wa makamo, kavaa koti jeupe fupi, mkononi ana kopo la maziwa lililotiwa kokoto, linalialia. Alikuwa ameshatupita. Akarudi nyuma. Akalitikisa lile kopo usoni kwa Safaa, kisha upande wa sikio, kisha chini. Akamtazama mtoto, akatutazama sisi.

"Nani kamfunga mtoto huyu?"

"Kamfunga nani?" Bi Mwanapili akamaka. "Huoni tumembeba? Weye ni mtu wa wapi usiyejua salamu?"

"Mtu wa Msuka, bibi. Asalaam alaykum. Naitwa Mjaka, nafanyisha watu mazoezi ya viungo, chumba kile cha mwisho."

"Waalaykum salaam. Huko Msuka ndo mnaanza kutukana kisha salamu?"

Akacheka, akaomba radhi, akachutama. "Bibi, mtoto huyu analazwa chini kucheza?"

"Tangu apasuliwe hajawekwa chini hata siku moja," akasema Bi Mwanapili, na alisema kwa fahari, masikini.

Mjaka akaliweka kopo chini. Akauliza kama kuna karatasi zozote za Bara. Rahila akatoa faili. Mjaka akakutana na kurasa zile mbili zilizogandana, akazitenganisha kwa ukucha, taratibu, zisipasuke. Akasoma. Akasoma tena, kwa Kiswahili safari hii, kwa sauti, na watu wa benchi wakageuka.

Iliandikwa hivi. Baada ya wiki sita kifua kitakuwa kimepona, na mtoto alazwe kifudifudi akiwa macho, kila siku, mara nyingi, ajifunze kuinua kichwa na kujisukuma. Awekwe sakafuni acheze. Asemeshwe, aimbiwe. Watoto waliozaliwa na moyo wa namna hii na wakapasuliwa wakiwa wachanga, wengi wao huchelewa kukaa, kutembea na kusema. Kwa hivyo apimwe maendeleo ya ubongo akiwa na miezi tisa, na miezi kumi na minane, na kuendelea. Chini, tarehe. Mwaka mzima uliopita.

"Ubongo umeingia vipi?" akauliza Rahila. "Si moyo ndio uliokuwa mbovu?"

"Moyo ndio unaopeleka damu kichwani," akasema Mjaka. "Huyu tangu yuko tumboni mwako, damu iliyokuwa ikipanda haikuwa na hewa ya kutosha. Ubongo ulikuwa ukijengwa kwa mchanga mwingi na saruji kidogo. Kisha operesheni yenyewe ni mzigo, na kulala hospitali ni mzigo. Si wote wanaochelewa, wala hawachelewi sawa. Lakini mtoto kama huyu alihitaji sakafu mara mbili kuliko mwengine. Nyinyi mmemnyima yote."

Bi Mwanapili alikuwa amemkumbatia Safaa kwa mikono miwili. "Nimemuua?"

"Hujamuua. Umemchelewesha. Na waliomchelewesha ni wengi, bibi, usijitwike peke yako."

"Atakaa? Atatembea?"

"Siahidi kitu. Ubongo wake bado laini, unafundishika. Ila kila mwezi unaopita unaninyang'anya kitu mkononi."

Bi Mwanapili akainama kidogo. Akasema kama anayejisemea, "Chane ukiiruka, ukili ukiwa bado mkononi unaipachika. Ukishashona mkeka, basi tena." Kisha akainuka, akanipa mtoto, akachukua ile karatasi, akaenda kufungua mlango wa daktari bila ya kubisha hodi. Mwanamke ambaye haingii hata jikoni kwa mwenzake bila hodi!

"Daktari, karatasi hii ulikuwa nayo mwaka mzima."

"Bibi, nina mgonjwa."

"Namuona. Hii uliisoma?"

"Nimekwambia mimi ni wa moyo. Na foleni unaiona."

"Foleni naijua, nimeikaa. Moyo unaousema ni wa nani? Si umo ndani ya mtu? Mtu huyo ana kichwa, ana miguu. Ungeninong'oneza tu, bibi kamlaze chini, maneno matatu! Ningekuwa nshamlaza."

Daktari akatazama dirishani. Akasema atalifikisha. Hatujui alilifikisha wapi.

Tuliporudi kwa Mjaka alishatandika godoro jembamba chumbani kwake, akasema, "Haya, mlazeni." Rahila akasogea. Bi Mwanapili akamshika mkono. Ndipo Mjaka akasikia habari ya nadhiri. Mwanzo alitaka kucheka. Akaona uso wa Bi Mwanapili, akaacha.

"Madaktari hawatosema amemaliza," akamwambia kwa upole. "Moyo huu utaangaliwa mpaka aolewe, mpaka awe bibi kama wewe."

"Nshafahamu. Lakini ahadi sikukupa weye wala daktari. Nipe mpaka kesho."

Nakiri nilikasirika naye wakati ule. Nilimwambia, "Mwanapili, karatasi imelala mwaka, nawe unataka kuongeza siku?" Akashika njia ya kwa shehe.

Hatukupita nyumbani. Tulimkuta Shehe Yussuf shambani kwake anapanda muhogo. Kwa umri ni mwanawe, akaacha jembe akatupa shikamoo. Bi Mwanapili akamweleza yote kwa kusimama, hakukubali kukaa.

Shehe akauliza, "Mungu alikutaka nadhiri hiyo?"

"Hakunitaka. Nilitoa mwenyewe."

"Basi nadhiri inayomdhuru mtu haishikwi, bibi. Ulikuwa hujui, huna dhambi. Sasa umejua. Ukiendelea kuishika ndipo utakapoulizwa. Lisha masikini kumi, kafara ya kiapo, na mtoto mweke chini. Na usingoje hao kumi watimie, mweke leo."

Bi Mwanapili hakuondoka. Akawa anaukunja na kuukunjua upindo wa kanga. "Naogopa, shehe."

"Unaogopa nini?"

"Nikivunja nilichosema, ule moyo usije ukasimama. Kwa ajili yangu."

Shehe Yussuf alijifuta udongo mikononi. Akasema, "Aliyeushika ulipokuwa umefunguliwa kwa kisu, bibi, hatoshindwa kuushika ukiwa juu ya mkeka."

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Bi Mwanapili alikuwa na mkeka wa biharusi, mwekundu na zambarau, kazi ya miezi miwili, kesho yake wenyewe waje kuuchukua. Akautandika barazani. Nikamwambia, "Huo wa watu." Akasema, "Nitawasukia mwengine." Akapiga bismillahi, akamlaza Safaa kifudifudi.

Mtoto alipiga ukelele sijapata kuusikia. Mwaka mzima hajagusa kitu kigumu! Uso kaufukia kwenye mkeka, anajikunja, anatukana kwa lugha yake. Rahila akaruka kumnyanyua.

"Rahila! Nkono wako!"

"Mama, anakufa!"

"Anayekufa hapigi kelele hivyo. Kaa chini."

Mjaka alisema dakika tatu, mara nyingi kwa siku. Saa barazani hatuna. Bi Mwanapili akasema dakika tatu ni Kul-huwallahu ishirini, akaanza kusoma, machozi yanamteremka mpaka kidevuni, na mikono kaikalia. Hasa hasa, kaikalia, ameiweka chini ya mapaja isije ikamwasi. Mimi yangu iliniwasha kama nimeshika upupu. Majirani wakatoka. Bi Mize akasimama upande wa pili wa njia, mkono mdomoni.

Tulipofika ya kumi na nne, Safaa akanyamaza kuvuta pumzi. Mbele ya uso wake palikuwa na chane moja nyekundu imedondoka. Akainua kichwa. Kikatetemeka, kikaanguka. Akakiinua tena, akaitazama ile chane. Bi Mwanapili akaimaliza mpaka ishirini, hakupunguza hata moja, ndipo akamnyanyua.

Kesho yake tulipika wali na mchuzi wa papa, masikini kumi wakala wakashiba, na mkeka ule haukukunjwa tena.

Sitaki mtu adhani mambo yalinyooka. Ilichukua miezi mitatu mpaka akakaa bila ya kushikwa. Kila Jumatano walikwenda kwa Mjaka, mvua ikinyesha walikwenda. Chane ile nyekundu alifunzwa kuifuata, kuikamata, kuivuta. Tulimwimbia mpaka sauti zikatukauka, sisi tuliozima redio. Alipotimiza miaka miwili alisimama kwa kushika nguzo ya baraza. Mjaka alimpima, akasema bado yuko nyuma ya wenzake, na huenda skuli akahitaji mwalimu mwenye subira. Ishak aliporudi kutoka Unguja akauliza, "Atakuwa kama watu?" Bi Mwanapili akamwambia, "Ni mtu tangu hapo. Kaa naye chini ucheze."

Ile karatasi niliinakili mimi kwa Kiswahili, Mjaka akinisomea, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la saba. Bi Mwanapili hakuweza kuisoma, basi akaihifadhi kama anavyohifadhi maulidi. Siku ya kliniki anakwenda kukaa benchi hata kama si zamu ya Safaa. Akimwona mama ana mtoto wa kovu la kifua anasogea: "Mwanangu, wako ana wiki ngapi tokea apasuliwe? Ukurasa wa pili wameusoma?" Mara moja alitokea mfanyakazi akamwambia, "Bibi, hapa si chuoni." Akamjibu, "Ndo maana nasomesha. Chuoni wanajua kusoma."

Niulize mimi: kwa nini iwe kazi ya bibi asiyejua herufi za skuli? Wako watu wamesomeshwa kwa kazi hiyo, na wana mihuri na viti vya kuzunguka. Wanaosema alimlemaza mjukuu wake, mbona hawaulizi ule uji ulioganda kwenye karatasi mwaka mzima ulikuwa mbele ya macho ya nani? Kosa letu tumelikiri mbele ya Mungu, tumelitolea kafara. Lao bado.

Mwezi wa mfungo sita mwaka huu, Safaa ana miaka miwili na miezi minane, Bi Mwanapili akatangaza maulidi. Rahila akamwambia, "Mama, madaktari hawajasema amemaliza." Akasema, "Wao wamenyamaza, nitasema miye."

Wanawake tukajaa uwanjani, mikeka imetandikwa, juu yake shuka nyeupe, ubani unafuka. Mvua ilinyesha asubuhi, ardhi ina tope jekundu. Tulikuwa tumesimama, tumefika pale pa kisimamo, Safaa akatokea nyuma ya nyumba, anamkimbiza kuku. Nasema kukimbiza, lakini ni kule kwenda kwake kwa miguu iliyotanuka, anapepesuka, anajishika hewani. Akapanda kwenye shuka. Nyayo zake zikapiga mihuri ya tope, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka katikati.

Bi Mize alikuwa karibu. Akaupeleka mkono amdake. "Anachafua shuka, yakhe! Mtoeni!"

Bi Mwanapili hakukatiza kisomo. Alimshika Bi Mize kifundo cha mkono, akaushusha taratibu, akaendelea kuushikilia vivyo hivyo huku anasoma, mpaka mtoto alipovuka shuka yote akatokea upande wa pili.